Drafti ya besiboli: mashabiki wa Chicago wasimbebeshe kijana mmoja mzigo wa klabu nzima

Mwezi wa Julai mwaka huu wa 2026, klabu ya besiboli ya Chicago White Sox itakuwa ya kwanza kuchagua kati ya maelfu ya vijana wa Marekani na Kanada ambao bado hawajaanza kulipwa mshahara wa kucheza. Nafasi hiyo iliipata kwa bahati nasibu, huko Orlando, Disemba 2025. Tangu siku ile mashabiki wake wana swali moja tu: klabu imchukue nani? Kila mmoja ana jina lake mdomoni, kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja anaona kwamba asiyekubaliana naye hajui mchezo.

Furaha hiyo inaeleweka. Lakini ndani yake kuna hatari, nayo haiwahusu Wamarekani peke yao. Kijana wa miaka 18 au 21 anageuzwa kuwa dawa ya ugonjwa ambao hakuuleta yeye. Na wale waliouleta wanapata nafasi ya kupumzika, maana watu hawawaulizi tena maswali. Wanangoja dawa.

Klabu iliyozama

Ili kuelewa kiu ya mashabiki hawa, ni lazima kutazama wametoka wapi. Mwaka wa 2024 White Sox ilipoteza mechi 121 kati ya 162. Tangu 1901, mwaka ambao besiboli huanzia hesabu zake za zama za sasa, hakuna klabu iliyowahi kupoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa mechi 120, ya New York Mets, mwaka wa 1962. Kati ya Julai na Agosti ya msimu ule wa 2024, White Sox ilishindwa mara 21 mfululizo bila kuonja ushindi hata mmoja. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepoteza mechi 101, na mwaka uliofuata ikapoteza 102. Misimu mitatu, mechi 324 zilizopotea.

Wakatoliki wengi wa Congo walilisikia jina la klabu hii kwa mara ya kwanza Mei 2025, wakati Kardinali Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, alipochaguliwa kuwa Papa Leo XIV. Ndugu yake alisema wazi kwamba Papa ni shabiki wa White Sox, na picha za zamani za televisheni zikaonyesha kwamba alikuwa uwanjani siku ya mechi ya kwanza ya fainali za 2005. Mwaka ule klabu ilitwaa ubingwa. Haijautwaa tena. Mtoto aliyezaliwa Chicago mwaka wa 2005 leo ni mtu mzima, anapiga kura, na bado hajaona kombe lingine.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba klabu yake ndiyo itakayotangulia wengine wote kuchagua, atakosaje kuota ndoto?

Namna drafti inavyokwenda

Wapenzi wa basketi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi hawahitaji kufundishwa neno drafti. Waliona Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, akichaguliwa wa nne na Denver mwaka wa 1991. Waliona Bismack Biyombo wa Lubumbashi akichaguliwa wa saba mwaka wa 2011. Waliona Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, akichaguliwa naye wa saba na Golden State Warriors mwaka wa 2021. Msingi wa besiboli ni uleule: klabu 30 zinachagua vijana kwa zamu, na zilizo dhaifu zinatangulia. Kijana akishatajwa, hawezi tena kuzungumza na klabu nyingine. Asiporidhika na pesa anazopewa, anarudi shuleni au chuo kikuu na kungoja drafti nyingine.

Tofauti kubwa ni muda. Katika basketi, kijana aliyechaguliwa Juni anaweza kucheza ligi kuu Oktoba ya mwaka uleule. Katika besiboli anapelekwa kwanza kwenye ekipe ndogo za klabu, ngazi kwa ngazi, na huko anaweza kukaa miaka mitatu, minne au mitano. Wengi hawapandi kamwe. Ndiyo sababu mazungumzo ya mashabiki wa besiboli yanafanana na ya mkulima anayebishana kuhusu mbegu: mavuno yako mbali, na mvua haijulikani.

Drafti hii ilianza mwaka wa 1965. Wakubwa wa ligi walisema inatafuta usawa, ili klabu tajiri zisiendelee kuwanunua vijana wote wazuri. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Mwaka wa 1964, wakati vijana walikuwa bado huru kuzungumza na klabu yoyote, Rick Reichardt alipata dola 205,000 kutoka kwa Angels ili aweke sahihi. Mwaka uliofuata drafti ikaanza, na kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Rick Monday, akapata karibu dola 100,000 kutoka kwa Athletics ya Kansas City. Kwa mwaka mmoja tu, bei ya kijana bora nchini ilishuka karibu nusu. Aliyefaidika na mpango huo si shabiki wa klabu maskini peke yake. Wenye klabu nao walifaidika, tena sana.

Kushindwa kwa makusudi

Kisha likaja tatizo lingine. Ikiwa anayeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua, kwa nini ajitahidi? Houston Astros ilipoteza mechi 106 mwaka wa 2011, 107 mwaka wa 2012 na 111 mwaka wa 2013, ikapata nafasi ya kwanza ya drafti mara tatu mfululizo. Mwaka wa 2017 ikawa bingwa, na Carlos Correa, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka wa 2012, alikuwa mmoja wa nguzo zake. Klabu nyingine zikaona na kujifunza: kupoteza kunaweza kulipa. Wachezaji wenye mishahara mikubwa wakauzwa, tiketi zikaendelea kuuzwa, na shabiki akaambiwa awe na subira, vijana wanakuja.

Ndipo ligi ikaleta bahati nasibu, kuanzia drafti ya mwaka 2023. Klabu dhaifu zina nafasi nzuri zaidi ya kushinda, lakini hazina uhakika. Tena klabu haiwezi kuingia kwenye bahati nasibu kila mwaka. Zile zilizo kwenye miji yenye soko kubwa haziruhusiwi kushinda nafasi hizo miaka miwili mfululizo, na zile za soko dogo hazipiti miaka miwili mfululizo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowaumiza mashabiki wa White Sox kwanza, kisha ikawafurahisha. Baada ya kupoteza mechi 121, walitazamia kuchagua wa kwanza Julai 2025. Badala yake walipewa nafasi ya 10, na klabu ikamchukua Billy Carlson, kijana wa shule ya sekondari ya California. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Colorado Rockies, iliyokuwa imepoteza mechi 119, ikazuiliwa kuingia kwenye bahati nasibu, pamoja na Washington Nationals na Los Angeles Angels. Wale watatu walipotoka, White Sox ikabaki na nafasi zaidi ya moja kati ya nne, nayo ikashinda.

Ni vizuri mashabiki wakumbuke jambo hilo. Klabu haikupewa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kazi nzuri ya viongozi wake. Iliipata kwa sababu ilicheza vibaya vya kutosha, wenzake walizuiliwa, na bahati ikaiangukia.

Majina mawili midomoni

Jina linalotajwa zaidi ni la Roch Cholowsky wa chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles. Yeye hucheza nafasi ya mlinzi wa kati, kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambayo ni nafasi ngumu kuliko zote kwa mtu anayetakiwa pia kupiga mpira vizuri. Mwaka wa 2025 alitajwa kuwa mchezaji bora wa shampiona ya vyuo anamochezea, na UCLA ikafika kwenye fainali za vyuo vikuu huko Omaha. Wanaomtaka wanasema: huyu amekomaa, ameshakutana na warushaji wazuri, atafika ligi kuu haraka.

Wengine wanamtaja Grady Emerson, kijana wa sekondari kutoka Texas, naye anacheza nafasi hiyohiyo. Hoja yao ni nyingine. Mwenye miaka 18 bado anakua, na mwisho wake unaweza kuwa juu zaidi. Klabu ambayo haitarajii kuwa bingwa kesho ina haraka gani?

Kuna pia hesabu ya pesa, na hapo mabishano ya mashabiki yanakuwa ya kitaalamu kabisa. Tangu 2012, kila nafasi katika duru kumi za kwanza ina thamani iliyoandikwa, na jumla ya thamani hizo ndiyo mfuko wa klabu. Anayeupita mfuko huo analipa kodi. Anayeupita kwa zaidi ya asilimia 5 anaanza kupoteza nafasi zake za kuchagua miaka ijayo. Kwa hiyo klabu inaweza kumchagua wa kwanza kijana anayekubali pesa kidogo, kisha kutumia zile zilizobaki kuwavuta wengine katika duru za chini. Nationals walimchagua Eli Willits wa kwanza mwaka wa 2025, akiwa na miaka 17, wakampa dola milioni 8.2, chini ya thamani iliyowekewa nafasi hiyo. Shabiki anayesema "tumchukue aliye bora tu" anasahau kwamba mwenye klabu anashika kalamu na mashine ya hesabu pia.

Katika habari ya Cholowsky kuna jambo moja linalostahili kutuliza kelele. Baba yake, Dan Cholowsky, alichaguliwa na St. Louis Cardinals katika drafti ya 1991, akiwa kati ya 40 wa kwanza nchini kote. Alicheza miaka katika ekipe ndogo. Hakufika ligi kuu hata siku moja. Nyumbani kwao kijana huyu, drafti si hadithi ya utajiri wa ghafla. Inajulikana kuwa mlango tu, na mtu anaweza kuupita mlango na kukosa chumba.

Historia ya klabu yenyewe

White Sox imewahi kuchagua wa kwanza mara mbili tu kabla ya mwaka huu. Mara ya kwanza ilikuwa 1971, ilipomchagua Danny Goodwin, mdaka mpira wa sekondari kutoka Peoria, katika jimbo lilelile la Illinois. Goodwin na klabu hawakuelewana, akaenda chuo kikuu cha Southern. Miaka minne baadaye akachaguliwa tena wa kwanza, safari hii na Angels. Hadi leo ni yeye peke yake aliyechaguliwa wa kwanza mara mbili. Alifika ligi kuu, lakini hakuwa nyota.

Mara ya pili ilikuwa 1977. Klabu ilimchukua Harold Baines, kijana wa Maryland, mkimya, mpigaji hodari. Baines alicheza misimu 22. Mwaka wa 1984 ndiye aliyemaliza kwa pigo moja mechi iliyodumu zaidi ya saa nane, katika mzunguko wa 25. Mwaka wa 2019 aliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli huko Cooperstown.

Mmoja alikwenda zake, mwingine akawa mtu wa kukumbukwa. Hiyo ndiyo hesabu ya nafasi ya kwanza katika klabu hii: nusu kwa nusu.

Na aliyewapa raha kubwa mashabiki wa Chicago hakutoka juu ya orodha. Mark Buehrle, mrushaji, alichaguliwa katika duru ya 38 mwaka wa 1998. Zaidi ya vijana elfu moja walitajwa kabla yake. Ndiye aliyeanza mechi ya pili ya fainali za 2005, na ndiye aliyeitwa kuifunga ya tatu, usiku mrefu wa mizunguko 14. Mwaka wa 2009 alirusha mechi nzima bila kumruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Jezi yake namba 56 haivaliwi tena na mtu mwingine.

Kwingine mambo ni hayohayo. Mwaka wa 1966 Mets walimchagua wa kwanza Steve Chilcott, wakamwacha Reggie Jackson achukuliwe wa pili. Chilcott hakufika ligi kuu. Jackson akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne. Mwaka wa 1991 Yankees walimpa Brien Taylor dola milioni 1.55, aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja, na njia ikakatika. Mike Trout alichaguliwa wa 25 mwaka wa 2009, na baadaye akatajwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka wa 2016 waliingia pamoja Cooperstown Ken Griffey Jr., aliyechaguliwa wa kwanza mwaka wa 1987, na Mike Piazza, aliyechaguliwa katika duru ya 62 mwaka wa 1988, baada ya majina 1,389. Siku ile walisimama kwenye jukwaa moja, wa juu kabisa na wa chini kabisa.

Hii haina maana kwamba wataalamu hawajui kitu. Anayechaguliwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kufika kuliko anayechaguliwa mwishoni. Maana yake ni kwamba hakuna kijana anayekuja na hati ya uhakika, na anayemtukana kijana kwa kuwa hakutimiza ndoto za wengine anamdai deni ambalo hakulikopa.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Hata klabu ikichagua vizuri kabisa, je, inapona? Pittsburgh Pirates wanatoa jibu. Mwaka wa 2023 walishinda bahati nasibu ya kwanza na kumchagua mrushaji Paul Skenes wa chuo kikuu cha LSU, wakampa dola milioni 9.2. Hakuna aliyekosea hapo. Chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa ligi kuu. Mwaka wa 2024 alitajwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na mwaka wa 2025 akapewa tuzo ya Cy Young, ambayo ni ya mrushaji bora.

Na Pirates? Walipoteza mechi 86 mwaka wa 2024, na 91 mwaka wa 2025. Mrushaji wa kuanza hucheza mara moja kila siku tano au sita. Siku zile nyingine wanahitajika wapigaji, walinzi na warushaji wengine, na hao hawapatikani kwa bahati nasibu. Wanatafutwa, wanafundishwa, wanalipwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa cha dhahabu.

Hapo ndipo mazungumzo ya mashabiki wa Chicago yanapaswa kugeuka. Kuliko kuuliza tu "nani?", waulize "kisha nini?". Ekipe ndogo za klabu zina walimu wa kutosha? Wachezaji wa zamani waliochaguliwa juu, wamefika wapi, na kama hawakufika, shida ilikuwa wao au waliowafundisha? Wenye klabu watatumia pesa kumzungushia kijana huyu wenzake wenye uzoefu, au watamwacha peke yake na kumuuza atakapokuwa ghali? Mchezaji anahitaji miaka sita ya utumishi katika ligi kuu kabla ya kuwa huru kuchagua klabu. Miaka hiyo sita ndiyo yenye bei nafuu kwa mwajiri. Klabu inayojenga kwa vijana peke yao inaweza kuwa na mpango mzuri. Inaweza pia kuwa inakwepa tu kulipa.

Wasiotajwa kwa sauti

Kelele zote ziko kwa jina la kwanza. Lakini drafti ina duru 20, na kwa kila milionea mmoja kuna vijana wengi wanaoweka sahihi kwa pesa kidogo, kisha wanapanda mabasi ya usiku kutoka mji mmoja mdogo hadi mwingine. Hadi 2022, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alilipwa kama dola 4,800 kwa mwaka. Wengine walilala wengi katika chumba kimoja na kufanya kazi nyingine miezi ya baridi. Wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2022 ligi ikakubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi hiyo. Mwaka uleule wachezaji wa ekipe ndogo waliingia kwenye sindika ya wachezaji, na mkataba wao wa kwanza wa 2023 ukapandisha mshahara wa chini kabisa hadi dola 19,800, na ule wa ngazi ya juu ya ekipe ndogo hadi 35,800. Hawakupata hayo kwa huruma ya mtu. Waliyapata kwa kuungana.

Upande mwingine, mlango umefanywa mwembamba. Kabla ya 2020 drafti ilikuwa na duru 40, na zamani zaidi zilipita hapo. Kuanzia 2021 zimekuwa 20, na ekipe ndogo zimepunguzwa kutoka 160 hadi 120. Kwa kanuni za leo, Buehrle wa duru ya 38 na Piazza wa duru ya 62 wasingetajwa kabisa. Hilo ndilo jambo ambalo shabiki wa White Sox, aliyeimba jina la Buehrle, alipaswa kulisemea zaidi kuliko wengine.

Na kuna kasoro iliyo chini ya zote. Kanuni za drafti zinajadiliwa kati ya wenye klabu na sindika ya wachezaji. Kijana wa sekondari au wa chuo si mwanachama wa sindika hiyo, bado hajaajiriwa. Kwa hiyo watu wawili wanaketi mezani kupanga bei ya mtu wa tatu ambaye hayuko. Mkataba wa sasa unaisha tarehe 1 Disemba 2026, miezi michache baada ya drafti ya Julai. Ni wakati unaofaa kudai kwamba vijana hao wapate wa kuwasemea.

Somo kwa Wakongomani

Msomaji wa Goma au Uvira anaweza kuuliza: besiboli inatuhusu nini? Drafti yao haimgusi hata Mwafrika anayekaa nyumbani, kwa sababu ni ya vijana wa Marekani, maeneo yake na Kanada. Mwafrika hupita njia nyingine, ya kuweka sahihi moja kwa moja. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipita huko, na mwaka wa 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, akiwa na Pirates. Jirani zetu wa Uganda walipeleka watoto kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto mwaka wa 2012, na mwaka wa 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwapa mikataba vijana wawili wa Uganda. Mchezo unasogea karibu.

Lakini somo lenyewe halingoji besiboli ifike Bukavu. Kila kartie ya mashariki ya Congo ina kijana ambaye watu wazima wamemwekea matumaini yao yote, kwa mpira wa miguu au wa basketi. Wakati wa drafti, macho yote yako kwa anayetajwa. Mwaka wa 2022 Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alipewa tuzo za mchezaji bora wa basketi wa vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka uliofuata majina yote ya drafti yalisomwa, lake halikuwemo. Hakuwa amepoteza kipaji chake usiku mmoja. Aliendelea kufanya kazi, na bado alipata njia ya kuingia NBA.

Katika mpira wa miguu, kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawanywe kati ya klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Pia zinakataza, isipokuwa kwa sababu chache, kumhamisha nje ya nchi mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Ni kanuni nzuri. Lakini klabu ndogo ya mtaa isiyoandikisha watoto wake kwenye shirikisho, isiyotunza karatasi, haitaiona hata franga moja. Na mzazi anayeweka sahihi mbele ya ajenti bila kusomewa mkataba kwa lugha anayoielewa anaweza kumpoteza mtoto na pesa kwa pamoja.

Wamarekani, pamoja na kasoro zote za drafti yao, wana jambo moja la kuigwa: bei imeandikwa, kanuni zinajulikana, na shabiki wa kawaida anaweza kuzisoma na kuzibishania. Ndiyo maana mabishano yao yana nguvu. Congo haihitaji drafti. Inahitaji mikataba ya vijana iandikwe na kusomwa, klabu zinazolea zitambuliwe, na mtoto abaki shuleni ili mlango mmoja ukifungwa, mwingine uwe wazi, kama Danny Goodwin alivyofanya mwaka wa 1971.

Julai ikifika, jina litasomwa, na Chicago itapiga makofi. Ni haki yao. Wameteseka vya kutosha. Ila wampigie makofi kijana kama mfanyakazi mpya anayeanza kazi ngumu, siyo kama mwokozi. Na keshoye asubuhi, wawageukie wenye klabu na kuwauliza wamemwandalia nini.